Mtoto Aliyeshiba

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni Ubalda Partida, mwezi wa Februari 1974, siku ya tisa ya kumwombea marehemu kaka yake Crescencio, jikoni, wageni walipokwisha kuondoka. Alikuwa akisugua masufuria huku amewapa watu mgongo, na hakugeuka mpaka alipomaliza. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kuyatamka mambo hayo ndani ya nyumba ile, na baada yake yalisemwa mara mbili tu. Eduviges, mjane wa Crescencio, aliulizwa miaka kumi baadaye, akasahihisha mawili: siku zilikuwa kumi na saba, si kumi na tisa kama alivyosema wifi yake, na udongo ulikuwa wa kijivu, si mwekundu. Mengine aliyaacha yalivyo.

Mambo yalianza mwaka 1963, mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa bado hazijashuka kwenye mabonde ya chini ya volkano ya Ceboruco. Yalianza kwa neema ambayo kila nyumba yenye mtoto mchanga huiomba. Amparo aliacha kulia.

Alikuwa na miezi minane. Tangu azaliwe alikuwa mtoto wa makelele, wa kulia akiwa na njaa na kulia akiwa hana, hata Ubalda akawa anasema wampeleke kanisani atundikwe mnarani, maana kengele ya huko imepasuka. Siku ile aliamka mchana, akafumbua macho, akatazama boriti za dari. Kimya.

"Wifi, umemnywesha nini?" Ubalda aliuliza. "Nipe na mimi nikampe jogoo wa jirani."

"Sijampa kitu," alisema Eduviges. Akaketi kitandani, akafungua blauzi, akamwekea ziwa mdomoni. Mtoto aligeuza uso. Hakukataa kwa hasira. Aligeuza kama mtu anayesogeza sahani, amekula vya kutosha.

Mama mwingine angeshtuka. Eduviges hakushtuka. Miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mwanawe wa kwanza, Refugio, mtoto wa miezi kumi na mmoja. Surua ilimjaza vidonda mdomoni mpaka akashindwa kunyonya, akafa njaa juu ya kifua kilichojaa maziwa. Tangu siku hiyo kila kitu kilimfikia Eduviges kama sauti inayopita kwenye blanketi. Alipika, alifua, alizaa tena. Watu walisema ana huzuni, lakini haikuwa huzuni. Huzuni ingekuwa kitu cha kushika. Alifunga blauzi yake, akarudi kwenye kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya udongo. Crescencio, au Chencho kama alivyoitwa na kila mtu, alikuwa mchimbaji. Alipita mashambani na nondo ndefu, akiidunga ardhini na kuinusa ncha yake, na ilipozama kwa urahisi alijua chini yake kuna shimo la watu wa kale, wale waliokufa kabla ya ubatizo kufika. Makaburi yao yalikwenda chini kama visima, mita tano au sita, kisha yakafungua chumba ubavuni. Humo waliketi wafu na sanamu zao za udongo: wapiga ngoma, mbwa wanono, na akina mama wenye watoto. Vilivyotoka vizima viliuzwa vizima. Vilivyotoka vimevunjika vilikwenda mezani kwa Eduviges, na bonde zima halikuwa na mkono kama wake.

Wachimbaji walikuwa na miiko yao. Kabla ya kushuka, mtu alitema pombe kali ya mkonge shimoni na kupuliza moshi wa tumbaku. Vipande visivyofaa kitu vilirudishwa chini, havikutupwa njiani. Mwiko huu wa pili kila mmoja aliusifu na karibu kila mmoja aliuvunja, kwa sababu fundi anahitaji unga. Kigae cha zamani kikisagwa kwenye jiwe la kusagia mahindi, kikachanganywa na ute wa mpungate, ule mmea wa miiba, hutoa lipu isiyoonekana kwa jicho, kwa kuwa ni udongo ule ule wa miaka ile ile.

Mwezi wa Aprili, Chencho alitoa akina mama wawili katika kaburi moja. Wa kwanza alikuwa mrefu, ana kichwa, ana hereni, ana macho kama punje za kahawa mbichi. Lakini mtaimbo wa Chencho ulikuwa umemvunja mtoto wake vipande thelathini. Wa pili hakuwa na kichwa. Kilikatika zamani na hakikuonekana. Ila mtoto wake alikuwa mzima, amelala mapajani, mdomo umeshika ziwa.

Mnunuzi kutoka Guadalajara, waliyemwita Mhandisi, alitaka mmoja, mama na mtoto. "Bila mtoto ni chungu tu, bibi," alisema, akacheka.

Eduviges alimkata mtoto wa yule asiye na kichwa kwa msumeno wa chuma. Ilimchukua alasiri nzima. Mtoto alitoka na ncha ya ziwa ndani ya mdomo wake, na Eduviges hakuitoa, kwa sababu ilisaidia kumshikisha vizuri mahali papya. Vile vipande thelathini vya mtoto wa kwanza alivisaga kuwa lipu. Kwa hiyo mama mwenye kichwa aliondoka kwenda Guadalajara akiwa amebeba mtoto wa mwenzake, aliyegandishwa kifuani mwake kwa unga wa mwanawe mwenyewe. Yule wa pili, kifua kimetoboka na mikono imekumbatia hewa, aliwekwa kwenye sanduku la majani makavu chini ya meza, kama gari bovu linaloachwa litolewe vipuri.

Siku mbili baada ya Mhandisi kuondoka, Amparo akatulia.

Siku ya tatu ya utulivu huo, saa tisa alasiri, jua lilikuwa limefunga milango yote ya kijiji. Chencho alikoroma kwenye bembea. Ubalda alikuwa amekwenda kinuni. Eduviges aliketi chini ya mpera akichambua maharagwe, na kutoka chumbani akasikia mtoto ananyonya. Sauti hiyo haifanani na nyingine: mvuto, mmezo, pumzi ya puani, mvuto tena. Alidhani ananyonya kidole. Alipoingia, Amparo alikuwa amelala chali, mikono imetanuka, na kidevuni pametiririka uji mwembamba wa kijivu. Chumba kilinuka ardhi iliyonyunyiziwa maji, na maji hayakuwa yamenyunyizwa popote.

Alimfuta. Alisugua uji ule kati ya vidole viwili, kama afanyavyo fundi. Udongo laini, uliochujwa vizuri. Akarudi kwenye maharagwe.

Maziwa yake mwenyewe yalianza kumuuma. Alikwenda kuyakamulia chini ya mpera, asubuhi na jioni, na sisimizi wakajifunza njia.

Ubalda ndiye aliyeona uzito. "Wifi, huyu mnamlisha mawe?" alisema siku moja, akimhamisha mtoto kutoka nyonga moja kwenda nyingine. "Mgongo wangu umenung'unika."

"Damu ya Partida hiyo," alisema Chencho. "Akifika mwaka ataninyanyua mimi."

"Wewe hata upepo unakunyanyua."

Walimweka kwenye mizani ya mahindi kwa mzaha. Kilo kumi na moja. Baada ya siku nne wakarudia, bila mzaha sasa: kumi na nne. Mikono yake ilikuwa imekonda. Jioni hiyo, Eduviges alipokuwa akimbadilisha nguo, kisigino cha mtoto kiligonga ukingo wa kitanda, kikatoa mlio. Kila mtu aliyewahi kununua chungu sokoni anaujua: ule wa kugonga kwa kidole ili kusikia kama kimepasuka.

Hakikuwa kimepasuka. Mlio ulikuwa safi.

Kesho yake saa tisa Eduviges alilala na mtoto, akamzungushia mkono. Hakulala usingizi. Alisikia kwanza kitu kikisukumwa chumba cha pili, polepole, kama mtungi mzito unaoburutwa kwenye sakafu ya udongo, kisha kimya, kisha tena. Halafu akasikia kiganja kikipapasa ukuta, si juu ambako mtu aliyesimama angepapasa, bali chini, usawa wa magoti, kwa sababu huyo anayekuja alikuwa anakuja ameketi, vile alivyofinyangwa, na alipapasa kwa kuwa hakuwa na macho wala kichwa cha kuyaweka, papasa, papasa, akaufuata ukuta mpaka kwenye mlango, akaufuata mlango mpaka kwenye kitanda, na harufu ya kaburi lililofunguliwa ikapanda juu ya godoro, na mkono wenye unyevu na ubaridi ukaushika mkono wa Eduviges, ukaupima kutoka begani hadi vidoleni bila haraka, ukaunyanyua kutoka juu ya mtoto kama mtu anavyoondoa shuka, na kuuweka kando.

Naye akauacha pale ulipowekwa.

Alisikia mwanawe akinyonya. Jambo lililomtisha kuliko yote, alimwambia Ubalda baadaye, ni kwamba kwa muda ule alipumzika.

Ubalda aliziona alama siku ya kumi na nne, akifagia. Viganja vya kijivu, vidole vinene vilivyokatwa ncha, msururu mmoja toka chumba cha kazi hadi kitandani. Alimwita Eduviges kwa sauti ya chini.

"Duvi. Njoo. Hii ni mikono ya nani?"

"Ya yule wa chini ya meza."

"Yupi wa chini ya meza?"

"Asiye na kichwa. Huja saa tisa kumnyonyesha."

Ubalda alishika ufagio kwa mikono miwili. "Tangu lini unajua?"

"Tangu juma lililopita."

"Na umekaa? Umekaa tu, Duvi?"

Ubalda alimchapa kofi. Halafu akalia yeye mwenyewe, aliyepiga, akajifunga shali kichwani na kutoka kwenda kumtafuta Nicanora, mganga.

Doña Nicanora Zúñiga aliishi ng'ambo ya kijito na aliwatibu watoto wa pande zote za bonde lile. Alikuwa mnene, mwenye harufu ya tumbaku na maji ya waridi, na hakupenda kuharakishwa. Alimpitisha Amparo yai bichi mwilini, toka utosini hadi nyayo, akalipasua ndani ya gilasi ya maji. Lilizama kama kokoto, likakaa chini likiwa limekauka. Alizigonga nyayo za mtoto kwa ukucha. Zililia hadi kwenye kifundo cha mguu.

"Hili si jicho la mtu, wala si upepo wa kaburi," alisema. "Huyu ananyonyeshwa. Akifika kifuani, mtakuwa na sanamu ya kuuza. Fundi, ulifanya nini?"

Eduviges alieleza yote: msumeno, ncha ya ziwa, vipande thelathini. Alieleza kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"Mfukuze basi!" alisema Ubalda. "Mpulizie moshi, mmwagie maji ya baraka, tumvunje kwa nyundo, tumtupe—"

"Punguza sauti, anasikia." Nicanora aliashiria kwa kidevu chumba cha pili. "Kwa tumbo, kama hana masikio. Mmefika siku ya ngapi?"

"Kumi na nne."

"Mwanamke aliyemnyonyesha mwanao siku kumi na nne ni komadre wako, mama mwenza wa mwanao, utake usitake. Kama alivyo yule aliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Tangu lini komadre akafukuzwa? Komadre hurudishiwa chake."

Chencho alipanda basi la kwanza kwenda Guadalajara. Alirudi siku ya kumi na sita, kofia mkononi. Mhandisi alikuwa amekwisha kumuuza yule mama na mtoto wake wa kupachikwa, na sanduku limevuka mpaka wa kaskazini. Nani kanunua, hakusema. Chencho alikaa kizingitini, akamtazama binti yake, ambaye sasa magoti yake hayakukunjika.

"Nilikuvunjia sanamu mimi," alimwambia mkewe. "Mtaimbo ulikuwa wangu."

"Msumeno ulikuwa wangu," alisema Eduviges.

Nicanora hakushangaa. Aliuliza kama ule unga umebaki. Ulibaki, nusu kikombe, ndani ya kopo.

"Mfinyangie mtoto."

"Lakini huo ni unga wa mtoto wa mwenzake," alisema Ubalda.

"Na Amparo je, ni wa nani? Hana macho, mama. Anajua kwa mkono na kwa harufu ya maziwa."

"Maziwa ya nani?"

Nicanora alimtazama Eduviges kifuani, pale blauzi ilipolowa.

Kwa hiyo aliukanda udongo ule kwa maziwa yake. Aliketi mezani, sanduku likiwa miguuni, akafinyanga. Alikusudia kuiga mtoto aliyemkata, vipimo alivikumbuka. Lakini mikono ilikwenda njia yake. Ilifanya paji la uso pana. Ilifanya kidole gumba cha mguu kilichopinda ndani. Ilikunja sikio la kushoto kwa juu, kama ukingo wa jani, na hapo Ubalda, aliyekuwa ameshika taa, akaweka kiganja mdomoni. Alikuwa Refugio. Eduviges alikuwa amesahau sikio lile. Kwa miaka miwili alijaribu kumwona uso na hakuweza, na kumbe alikuwa amemhifadhi vidoleni.

Nicanora alimwona pia. "Una hakika unataka kumpa huyo?" aliuliza taratibu.

"Alikufa hajashiba," alisema Eduviges.

Hawakuweza kungoja akauke kama inavyotakiwa. Walimweka juani asubuhi nzima ya siku ya kumi na saba, wakamchoma uani kwa mavi makavu ya ng'ombe, na kila mmoja aliyejua kazi hiyo alijua kwamba kitu kibichi kama kile lazima kipasuke motoni. Hakikupasuka. Saa tisa ilipokaribia, Eduviges alimtoa mama asiye na kichwa kutoka sandukuni, akamweka mezani, akampa mtoto mapajani. Mdomo uliingia kwenye tundu la kifua kana kwamba ulipimwa.

"Komadre," alisema, "huyu ana njaa. Mshike huyu. Niachie wangu."

Wote wanne walisubiri. Chumba kilinuka mvua. Kisha wakasikia, kutoka mezani, mvuto, na mmezo, na pumzi ya puani.

Walikusudia kumrudisha mama yule kaburini. Lakini mvua ya kwanza ya mwaka ilishuka jioni ile ile, ikashuka siku tatu, na mdomo wa shimo ukaporomoka. Nicanora alisema asikae juu ya ardhi hata usiku mmoja. Chencho akachimba pale pale, chini ya meza ya kazi, wakamzika na mtoto wake mapajani.

"Humu atasikia kila mtoto wa nyumba hii," alionya Nicanora.

"Asikie," alisema Eduviges.

Kulipokucha Amparo alitapika udongo, bakuli zima. Halafu akafungua kinywa na kulia, akalia siku mbili bila kukoma, mpaka majirani wakaja kuuliza kama anachunwa. Aliposhika ziwa la mama yake alinyonya kwa pupa, akang'ata. Watu waliomuuliza Eduviges kama alifurahi hakuwajibu. Aliyejibiwa ni Ubalda peke yake. Eduviges alimwambia iliuma, na kwamba alikuwa hajaumwa na kitu kwa miaka miwili.

Hakugusa tena sanamu ya mtu mwingine. Alifinyanga vyungu vya maharagwe, na watu walivisifu.

Nicanora alifariki 1970, Crescencio 1974, Eduviges 1996, Ubalda 2003, akiwa na miaka themanini na tatu na meno yake yote. Mhandisi hakuna anayejua habari zake.

Amparo yu hai. Anaishi nyumba ile ile. Chumba cha kazi kimemwagwa saruji na kuwekwa kitanda, kwa sababu ndicho chumba chenye ubaridi mchana. Alizaa watoto wanne, na wote wanne wako hai na wana afya, ingawa hakuna hata mmoja aliyepata kunyonya kwake. Kila alipowapa ziwa waligeuza uso, wameshiba. Hawakuwa wazito kupita kiasi. Kila mmoja alipimwa.

Kitinda mimba wake, Fidela, alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Oktoba uliopita, naye humlaza chumbani humo alasiri. Ni mtoto mtulivu sana. Sikio lake la kushoto limekunjika kwa juu, kama ukingo wa jani.